Data isiyo na muda: msiweke mambo matatu kwenye kapu moja

Swali: "Tunatunza maktaba ya kurekodi data za roboti na vihisi. Karibu kila kinachorekodiwa kina muhuri wa muda, isipokuwa vitu kama vipimo vya lenzi ya kamera, umbo la roboti na rangi za ramani. Kwa vitu hivyo tuna njia tatu: kuita andika_bila_muda(), kuita andika_mwanzo(), au kuita andika() ya kawaida na kuweka muda=tupu. Huko ndani, moja inahifadhiwa kwa muda 0, nyingine kwa namba ndogo kuliko zote, ya tatu inaenda kwenye jedwali la pembeni. Mtu akiuliza 'hali ilikuwaje wakati fulani', msimbo unapita matawi manne, na kila mwezi hitilafu mpya inachomoza. Tutarahisishaje bila kuharibu faili za zamani za watumiaji wetu?"

Jibu:

Ndugu, nianze na orodha yako ya lenzi, umbo na rangi. Ni orodha safi mno. Ukifungua rekodi za wiki moja tu za watumiaji wenu, naamini utakuta humo vitu vingine visivyo na muda ambavyo hamkuvipanga: kipimo cha joto kilichofika kabla saa ya kifaa haijawekwa sawa, faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) ambalo mwenyewe hakuweka safu ya saa, ujumbe wa mtu aliyejifunza maktaba yenu jana na wala hajui kama kuna kitu kinaitwa mstari wa muda, yaani saa au namba inayopanga data. Vyote vinapita mlango mmoja na vya lenzi. Matawi yenu manne yamezaliwa hapo.

Kuna data isiyohitaji muda. Kuna data iliyotokea wakati fulani, ila wakati huo hatuujui. Na kuna data ambayo muda wake ungejulikana kirahisi, mwandishi tu hakuutaja. Mkishazitenga hizi, kazi ya kurahisisha inakuwa ya kufuta zaidi kuliko kuandika. Msipozitenga, mtaunda tawi la tano na kuliita suluhisho.

Kwanza sifuri, kwa sababu hiyo ndiyo ya kuondoa leo. Sifuri ni muda halali. Kwenye hesabu ya muda ya Unix, inayotumiwa na kompyuta nyingi, ni tarehe 1 Januari 1970, saa sita kamili usiku kwa UTC, saa ya kimataifa. Kwenye video ni fremu ya kwanza. Kwenye uigaji wa roboti ni sekunde ambayo dunia ya kuigiza inaanza, na data nyingi za maana hutokea hapohapo. Kwenye ROS, mfumo wa programu za roboti, ukiuliza mahali pa roboti kwa muda sifuri unajibiwa mahali pa karibuni kabisa panapojulikana. Namba moja, maana nne, na ninyi mmeongeza ya tano. Hakuna msimbo utakaoweza kutofautisha baadaye sifuri ya kweli na sifuri ya "sina muda", kwa kuwa taarifa ya kuzitofautisha ilishatupwa wakati wa kuandika.

Namba ndogo kuliko zote ina nafuu, maana ni vigumu mtu kuiandika kwa bahati mbaya. Lakini nayo inavuja. Niliwahi kuitwa kuangalia grafu "iliyokufa": ukurasa mweupe, na kwenye ukingo wa kulia kabisa kistari kimoja chembamba kilichosimama wima. Nilipokisogelea kwa kukuza, kistari kile kilikuwa data yote ya siku ile, saa nane za kazi zimebanwa kwenye upana wa nukta moja ya skrini. Mhimili wa chini ulikuwa unaanza mwaka 1677. Ukihesabu nanosekunde kwa namba kamili ya biti 64 kuanzia 1970, mwisho wa chini unaangukia Septemba 1677 na wa juu Aprili 2262. Aliyetengeneza grafu alichukua muda wa kwanza na wa mwisho kwenye hifadhi, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na hakuna aliyemwambia kwamba muda wa kwanza ni alama tu. Kila sehemu inayosoma hifadhi yenu inapaswa kuijua siri hiyo, na siku zote kutakuwa na mmoja asiyeijua. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba "haina muda" isiwe thamani ya muda. Iwe aina nyingine ya data, ihifadhiwe mahali pake, na safu ya muda isiwepo kabisa.

Sasa tuje kwenye lenzi na umbo la roboti, ile data isiyohitaji muda. Mimi naiita data tuli, na nawashauri mwite hivyo pia, mwache "bila muda". "Bila muda" inaeleza kilichokosekana, na kila mtu anajaza pengo kwa namna yake. "Tuli" inaeleza tabia: imekaa, haibadiliki na saa. Maktaba ya Rerun, inayofanya kazi iliyo karibu sana na yenu, ilifika hapohapo mwaka 2024: wakaacha jina lenye maana ya kutokuwa na muda, wakachukua lenye maana ya kutulia, na pamoja na jina wakabadilisha kanuni. Kanuni zenyewe ni chache, na ningezichukua zote.

Data tuli ina thamani moja tu kwa kila uga (sehemu moja ya data, kama rangi) wa kila chaneli (jina ambalo data inaandikwa chini yake). Ukiandika tena, ya zamani inaondoka. Haina historia, haina "ilikuwa nini jana". Inaonekana kwenye mistari yote ya muda, iwe saa ya kihisi, saa ya kufika au namba ya fremu. Na chaneli ikiwa na thamani tuli na pia zenye muda kwenye uga uleule, tuli inashinda. Daima.

Hiyo ya mwisho ndiyo watu wanaibishia, kwa hiyo niikalie kidogo. Wengi hupenda kinyume chake: tuli iwe thamani ya akiba, itumike mpaka ije yenye muda. Inasikika kama busara. Lakini tazama inavyofanya kazi. Mtu anauliza vipimo vya lenzi saa 4:10:07. Lazima utafute kwenye data zenye muda kwanza, urudi nyuma mpaka mwanzo wa rekodi, ukose, ndipo uende kwenye jedwali la tuli. Kumbuka pia kwamba sehemu ya data zenye muda inaweza kuwa imefutwa kuokoa memori, au bado haijapakuliwa kutoka kwenye seva. Hapo huwezi kujua kama hakuna kitu, au kuna kitu usichokiona. Jibu linabadilika kulingana na kilichomo kwenye memori dakika hiyo. Hayo ndiyo matawi yenu manne, yamevaa nguo mpya. Tuli ikishinda, swali lina hatua mbili: angalia jedwali dogo la tuli, ikiwepo, rudisha, umemaliza, isipokuwepo, tafuta kwenye zenye muda. Jedwali hilo halizidi idadi ya chaneli mara nyuga zake, hivyo linakaa kwenye memori bila shida na jibu lake halitegemei kilichofutwa.

Kuna gharama, na siifichi. Mtu akiandika mahali pa mkono wa roboti kama tuli asubuhi, kisha mchana akaanza kuandika mahali hapohapo kwa muda, ya mchana yote haitaonekana. Haitapotea, itafunikwa. Toeni onyo mara moja kwa kila chaneli, likitaja jina la chaneli na uga. Msitupe kosa la kusimamisha programu: mara nyingi waandishi hao wawili wako kwenye michakato tofauti, pengine kompyuta tofauti, na anayepokea kosa huwa si mwenye hatia.

Na yule anayetaka thamani ya kuanzia ambayo itabadilika? Huyo hana data tuli. Ana data yenye muda, na muda wake ni mwanzo wa rekodi. Aandike hivyo. Hii ndiyo andika_mwanzo() yenu ilikuwa inajaribu kufanya, isipokuwa iliandika wakati ambao wenyewe haukuwa mwanzo. Nadhani mmeshakutana nayo: kamera inatuma picha ya kwanza, vipimo vya lenzi vinafika milisekunde 40 baadaye, na mtu akivuta kitelezi hadi mwanzo kabisa anaona picha isiyo na vipimo, inaelea mahali pasipojulikana. Wanafungua tiketi, mnaandika tawi jingine. Kwa lenzi, tuli inaliondoa tatizo hilo moja kwa moja, kwa sababu tuli haina "kabla".

Faida ambayo watumiaji wataihisi kwanza ni ya memori. Kwenye mfumo wenu wa sasa, data isiyo na muda inaongezeka tu, kwa kuwa kifuta-data kinafuta vya zamani kwa kuangalia muda, na hivi havina. Chukua umbo la roboti lenye megabaiti 2, na mtu aliyeliweka kimakosa ndani ya mzunguko unaokwenda mara 10 kwa sekunde. Ni maandishi 36,000 kwa saa, gigabaiti 72, zote za umbo lilelile moja, na hakuna hata baiti inayoruhusiwa kufutwa. Kwa kanuni ya kubadilisha, memori inabaki na megabaiti 2. Mtandao bado utachoka, faili bado litanenepa mpaka libanwe upya, lakini mpokeaji hatakufa.

Lazima mkubaliane pia juu ya neno "mwisho", mnaposema ya mwisho ndiyo inayobaki. Nyuzi mbili za programu, yaani sehemu zake zinazokwenda sambamba, zikiandika kwa pamoja, au faili mbili zikiunganishwa, ipi ya mwisho? Msitumie mpangilio wa kufika, kwani hubadilika kila mkipakia faili upya. Kila mstari upewe kitambulisho kinachokua, kinachoundwa pale unapoandikwa: saa ya kompyuta mbele, kisha kihesabu au namba nasibu. UUID toleo la 7, aina ya kitambulisho cha pekee iliyoingizwa kwenye hati ya viwango vya intaneti RFC 9562 mwaka 2024, imeundwa kwa mtindo huo. Ndiyo, kuna saa ndani ya kitambulisho cha data tuliyosema haina muda. Haina ubaya, mradi mtumiaji haruhusiwi kuuliza kwa kuitumia. Ni ya kuamua nani kaandika baada ya nani, basi. Na kompyuta zikiwa mbili zenye saa zisizolingana itakosea. Afadhali ikosee vilevile kila mara kuliko ibadilike kila mkifungua faili.

Kuhusu ukubwa wa kinachobadilishwa, nilisema "kwa kila uga", na hapo pana mtego. Mtu anaandika nukta 100 zenye rangi 100, zote tuli. Baadaye anaandika nukta 50 bila kutaja rangi. Uga kwa uga, nukta zinakuwa 50 na rangi zinabaki 100. Ndani ya hifadhi ni sahihi. Kwa mtumiaji ni kichekesho. Mimi ningeacha hifadhi ifanye kazi kwa uga, kisha kazi za juu, zile watu wanazoita kila siku, ziandike nyuga zote za kitu husika na kufuta zisizotajwa. Anayetaka kubadilisha uga mmoja tu awe na njia yake, na jina lake liseme hivyo.

Kwa maswali ya kipindi, yaani "nipe kila kilichotokea kati ya saa hii na saa hii", data tuli irudishwe mara moja, nje ya orodha ya matukio. Msiipachike muda wa mwanzo wa kipindi ili mpangilio upendeze. Mtakuwa mmeirudisha sifuri kwa mlango wa nyuma.

Sasa muda=tupu. Hii ife. Nimeona inavyouma, na iliumiza kwa utulivu kabisa. Mfumo mmoja ulikuwa unarekodi joto la chumba cha mashine. Kiendeshi cha kihisi kilikuwa kinarudisha thamani tupu kwenye muda kama saa ya kifaa haijapata usawazisho. Asubuhi moja, baada ya umeme kurudi, kipimo kimoja tu kilitoka hivyo: nyuzi joto 23.4, muda tupu. Maktaba ikaelewa tupu kuwa ni tuli. Tuli inashinda. Siku nzima grafu ikawa mstari ulionyooka kama rula kwenye 23.4, na waliokuwa zamu wakafurahi jinsi kipoza hewa kinavyofanya kazi. Vipimo vya kweli vilikuwa chini yake, vyote, salama, na havionekani. Tulivikuta jioni.

Kanuni zilezile ninazokushauri zilikuwepo kwenye maktaba ile. Kilichokosekana ni kwamba utuli uwe tamko, usiwe matokeo ya kukosekana kwa kitu. Kwa hiyo mlango wa mbele uwe hivi:

andika("roboti/kamera/lenzi", lenzi, tuli=kweli)
andika("roboti/kamera/picha", picha)
andika("chumba/joto", 23.4, muda=saa_ya_kihisi)

Mstari wa kwanza ni tuli kwa sababu mtu ameandika neno hilo kwa mkono wake. Wa tatu ukiletewa muda tupu, utoe kosa au onyo kulingana na mipangilio, lakini kamwe usigeuke wa kwanza. Wa pili ndio ule wa aliyesahau, au asiyejali, na huyo ni mtumiaji halali kabisa: maktaba ijaze yenyewe saa ya kuandika na namba ya mfuatano. InfluxDB, hifadhidata ya data zenye muda, hufanya karibu hivyo. Pointi ikija bila muda, seva inaweka saa yake. Tofauti yangu moja ni kwamba ningejaza upande wa anayeandika, kabla data haijapanga foleni ya mtandao, na ningeiweka kwenye mstari wa muda wenye jina lake, "muda_wa_kuandika", ili mtu asiudhanie kuwa ni saa ya tukio.

Mkishafanya hivyo, hakuna tena data isiyo na muda isipokuwa ile iliyotangazwa kuwa tuli. Aina ya tatu imekwisha. Andika_bila_muda() na andika_mwanzo() zinabaki majina ya zamani yanayotoa onyo kwa toleo moja au mawili, kisha zinaondoka.

Inabaki data ambayo muda wake haujulikani. Kifaa kidogo kisicho na saa ya betri huamka kikidhani ni 1970 mpaka kipate mtandao. Msikiamini, wala msikitungie muda. Kile ambacho kifaa kinakijua kweli ni milisekunde tangu kuwashwa, na hicho ni mstari wa muda wa heshima. Urekodini kwa jina lake. Saa ikishapatikana, andikeni nanga moja: "milisekunde 81,220 tangu kuwashwa ilikuwa saa hii ya UTC." Kwa nanga hiyo, vya nyuma vyote vinahesabika baadaye, na msomaji anaweza kuona kwamba vilihesabiwa. Angalizo dogo: kihesabu cha milisekunde cha biti 32 hurudi sifuri baada ya siku 49.7, hivyo kipanueni kuwa biti 64 pale kinaposomwa. Faili la CSV lisilo na saa nalo lina namba za mistari, na hizo zinatosha kulipanga. Sio kila kitu lazima kionekane kwenye mhimili wa saa.

Faili za zamani. Zilizoandikwa kwa namba ndogo kuliko zote zigeuzwe kuwa tuli wakati wa kusoma, ikibaki ya mwisho. Za jedwali la pembeni vivyo hivyo, ila kwanza mchungulie: wapo watumiaji waliokuwa wanatumia andika_bila_muda() kuandika mistari ya maandishi, kama "programu imeanza", "mipangilio imesomwa", mmoja baada ya mwingine. Kwa kanuni mpya utabaki mstari wa mwisho tu. Hao wapelekeni kwenye namba ya mfuatano, na mabadiliko haya yatajeni juu kabisa kwenye maelezo ya toleo, kabla ya vipengele vipya vya kujivunia.

Za sifuri msizikisie. Toeni zana ndogo inayoorodhesha kila chaneli yenye data kwenye sifuri, ikionyesha ina mistari mingapi hapo na mingapi kwingine, na mwenye faili aamue. Chaneli yenye mstari mmoja kwenye sifuri na hakuna kwingine karibu kila mara ni tuli. Yenye mmoja kwenye sifuri na 9,000 baada yake karibu kila mara ni fremu ya kwanza. Lakini "karibu" hiyo ni ya mwenye faili, si yenu.

Kabla ya kufuta tawi lolote, andikeni jaribio moja: chukueni maandishi mia yaliyochanganyika, tuli na yenye muda, kila moja na kitambulisho chake, yaingizeni kwenye hifadhi kwa mpangilio wa kubahatisha mara elfu, na kila mara ulizeni maswali yaleyale. Majibu yakitofautiana hata mara moja, bado kuna mahali ambapo mpangilio wa kufika unaamua jambo. Kwenye msimbo wenu wa leo jaribio hilo litaanguka kwenye mzunguko wa pili au wa tatu, na mahali litakapoangukia ndipo mwanzie kufuta.